Hodi Isiyo na Karibu

Hodi isiyo na karibu, tafuta mwenye ufunguo. Leo mmewasikia wazoa taka wakiambiana hivyo, mkaja kuniuliza maana. Kaeni niwaambie yalikotoka maneno hayo, na msikilize vizuri, maana ninyi wenyewe mmeanza kutafuta kazi na mimi usingizi umeniruka.

Yalianzia Morogoro, kwenye kampuni moja ya kuzoa taka. Gari lake lilipita mitaani asubuhi, likijaa linakwenda kumwaga kwenye yadi ya bwana mmoja aitwaye Lukosi. Huyo kampuni ilimpa kazi ya kuchambua: chupa huku, mabati huku, makaratasi huku. Desturi ilikuwa taka zinamwagwa nje ya geti, gari linageuka, basi; kuziingiza ndani ni shauri la Lukosi. Nani anazichambua, hakuna aliyeuliza. Kazi inakwenda, tena kwa bei rahisi, mtu aulize nini?

Siku moja ikashuka mvua kutoka milima ya Uluguru, mvua ya kusomba. Kwenye gari alikuwamo Bi Zamoyoni, mzoa taka mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akaona taka zikimwagwa pale nje zitaishia mtaroni zote. Akashuka, akagonga geti.

"Hodi!"

"Tupo," wakajibu watu ndani. Walikuwa wengi.

"Hodi jamani!"

"Tunakusikia, mama."

Bi Zamoyoni akashika kiuno. "Nyie watu wa wapi nyie? Mtu anapiga hodi kwenye mvua, hamjui kusema karibu? Kwenu hamkufundishwa?"

Mwanaume mmoja akasogea hadi getini. "Tulifundishwa, mama. Ila anayekaribisha ni mwenye ufunguo."

Ndipo Bi Zamoyoni akatazama. Kufuli kubwa, limefungwa kwa nje, upande wake yeye. Siku zote wanamwaga taka pale na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia.

Yule mwanaume aliitwa Bukuru, mtu wa Kasulu. Wenzake nao walitoka mbali, wameahidiwa kazi nzuri ya mjini. Siku ya kwanza tu Lukosi akachukua vitambulisho vyao na simu zao, eti vikae salama.

"Sasa mnatoka lini?" akauliza Bi Zamoyoni.

"Akitaka yeye. Na hataki."

Bi Zamoyoni akarudi garini. "Msumi, usimwage."

"Nisimwage nizipeleke wapi?" akasema dereva. "Kwa mama mkwe wangu?"

"Peleka ofisini kwa bosi."

Wakaliegesha mlangoni kabisa, na gari la taka lililotoka soko la samaki mnalijua harufu yake. Bwana Mkude, mwenye kampuni, akatoka ameziba pua. "Mmechanganyikiwa?"

"Hatumwagi tena kwa Lukosi, bosi. Amefungia watu."

"Hao si wafanyakazi wangu. Ni wa Lukosi."

"Na taka wanazochambua ni za nani?"

Bosi akapandisha sauti. "Zamoyoni, nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze! Mimi ukinifukuza nitaondoka kwa miguu yangu. Wale hata kufukuzwa hawawezi." Wazoa taka wenzake wakashuka garini mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake. "Twende ukapige hodi mwenyewe. Wakikukaribisha, tunamwaga, na kazi naacha bila kusukumwa."

Mkude akaenda kwa hasira, ili amkomeshe Zamoyoni. Mwenyekiti wa mtaa, aliyesikia kelele, naye akafuata. Bosi akagonga geti kama anataka kulivunja.

"Hodi!"

"Tupo."

"Mimi ndiye mwenye kampuni! Nasema hodi!"

"Tunakusikia, bosi."

Mkude akabaki na mkono getini, maji yakimtiririka usoni. Alikuwa mtoto wa watu, amelelewa, alijua hodi inajibiwaje. Akageuka, sauti imepungua. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Hodi isiyo na karibu, bosi, tafuta mwenye ufunguo," akasema Bi Zamoyoni.

Lukosi akatafutwa, akaletwa, ufunguo kiunoni. "Nikifungua watatoroka," akalia. "Nauli nimewalipia mimi!"

"Mfanyakazi hatoroki," akamjibu Bi Zamoyoni. "Anakwenda kwao. Fungua!"

Akafungua. Mwenyekiti akamshika mkono, safari ya polisi, na vitambulisho vikarudi kwa wenyewe. Mkude akatangaza pale pale kwamba anayetaka kwenda atapewa nauli, anayetaka kubaki ataajiriwa na kampuni yenyewe. Kisha akageuka aondoke haraka.

Bukuru akasimama katikati ya geti lililo wazi.

"Bosi, usiondoke. Karibu ndani. Karibu uone tunapolala."

Karibu haikataliwi. Akaingia. Tangu alipotoka humo, kampuni ile haikumpa mtu kazi ya kuchambua taka mpaka watu wake waende kwenye yadi yake bila taarifa, wapige hodi, na mlango ufunguliwe na mfanyakazi kwa mkono wake. Maneno ya Bi Zamoyoni wazoa taka wakayabeba mitaani, ndiyo hayo mliyoyasikia.

Basi wanangu, kazi tafuteni, sikatazi. Lakini atakayewaita kazini muulizeni kitambulisho kinakaa kwa nani na mlango unafungwa upande gani. Akikasirika, ameshawajibu. Na msiogope kuonekana hamna adabu. Pazeni sauti mlangoni mwa watu, gongeni, ulizeni. Hodi isiyo na karibu, tafuta mwenye ufunguo.