Panzi Aliyekataa Kivuli

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa na panzi, pakawa na jiwe, pakawa na jua.

Haya, sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, masika yalipokuwa yakielekea ukingoni, bondeni paliishi Panzi mmoja wa kike. Tumbo lake limejaa mayai, na zimebaki siku tatu ayatage mchangani. Ngozi yake ilikuwa ngumu, ina nta, mvua ikimpiga inateleza. Kila asubuhi alijipangusa kwa miguu yake: kichwa, kifua, tumbo. Lakini asubuhi moja uzito ulimzidi. Akajipangusa kichwa, akajipangusa tumbo, kifua akakiacha.

Na kifuani ndiko alikotua Kuvu. Alikuja na umande, mdogo kuliko chembe ya unga. Akapiga hodi. Ngozi ikamjibu kwamba hakuna nafasi. Akapiga hodi tena. Hakuna nafasi. Hodi ya tatu hakupiga. Alitoa uzi wake mwembamba, akatoboa, akaingia. Mgeni asiyengoja kukaribishwa mjue ana lake jambo.

Sasa, ndani ya damu ya Panzi wanaishi askari. Hawana mkubwa wa kuwaamuru wala baragumu la kuwaita. Walipomwona Kuvu walimzunguka, wakashikamana, wakamjengea ukuta mweusi. Pale alipotoboa pakawa na doa. Lakini Kuvu alikuwa ameshatawanya watoto wake kushoto na kulia. Askari wakajenga, wakajenga, wakajenga, mpaka wakachoka. Ndipo wakaimba:

*Bi Panzi, tupe jua,*
*Kuvu apenda baridi.*
*Bi Panzi, tupe jua,*
*tumalize kazi.*

Panzi akausikia mwili umekuwa mzito, na moyoni ana hamu moja tu, kulala juu ya jiwe kubwa lenye joto. Akaruka, akaanguka, akaruka tena, akafika. Akajilaza ubavu. Jua likampiga barabara, na huko ndani Kuvu akaanza kulegea.

Lakini Panzi alikuwa na majirani wawili, Konokono na Jongoo. Walikuwa wema hao, wema kupita kiasi. Kwao mgonjwa hulazwa kivulini, kwenye majani mabichi yenye maji; ndivyo walivyolelewa, na wao na bibi zao. Walipomwona mwenzao amejianika jiweni wakasema ugonjwa umempanda kichwani. Isitoshe, Kwenzi, yule ndege mla wadudu, hupita pale kila adhuhuri. Wakangoja wingu lifunike jua, maana wenyewe hawaliwezi, wakaenda. Konokono akasukuma, Jongoo akavuta kwa miguu yake yote, wakamlaza chini ya jani la jimbi. Panzi wa watu hakuwa na nguvu ya kubisha. Ndani, Kuvu akajinyoosha.

Siku ya pili Panzi akasikia wimbo, *Bi Panzi, tupe jua*, akajikokota mpaka jiweni. Majirani wakangoja wingu, wakamrudisha kivulini, na njiani wakasifiana kwa utu wao. Kuvu akajinyoosha zaidi.

Siku ya tatu Panzi hakuweza hata kuruka. Wimbo aliusikia kwa mbali, sauti za askari zimekauka. Akatambaa kwa tumbo, na mayai yanamwuma, akafika jiweni jua limeshapanda. Aliogopa sana. Alijua wakimrudisha kivulini mara hii, atakufa yeye na mayai yake. Likapita wingu, na hao wakaja. Konokono akamshika mguu.

"Dada Konokono," akasema Panzi, "wewe ukiumwa huenda wapi?"

"Huingia nyumbani mwangu, nikafunga mlango."

"Na mimi nikija nikakutoa, nikakuanika juani kwa wema wangu?"

Konokono akafikiri. Kufikiri kwa konokono si jambo la haraka, nanyi vumilieni kama Panzi alivyovumilia. Mwisho akasema, "Nitakauka. Nitakufa."

"Basi hivyo ndivyo ninavyokufa huko kivulini kwenu. Niacheni hapa. Kama mnanipenda, nilindeni na Kwenzi."

Konokono akauachia mguu. Jongoo aliona haya. Alipanda akajikunja jiweni mbele ya Panzi, na wingu lilipoondoka jua likamchoma mgongo, naye hakuondoka. Konokono akabaki chini ya jiwe, pembe zake juu, analinda zamu.

Adhuhuri Kwenzi akaja. Konokono akaita kwamba ndege anakuja, na Jongoo akajibana zaidi. Kwenzi akatua, akadonoa alichokikuta mbele. Sasa nyinyi mliowahi kumshika jongoo mnayajua yale maji yake ya njano. Kwenzi akatema. Akafuta mdomo jiweni mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaruka kwenda kutafuta maji, wala siku ile hakurudi.

Jua likakaza. Kuvu akalegea kabisa, na askari wakapata nafasi. Wakamzungushia ukuta huyu, wakamzungushia yule, mpaka mtoto wa mwisho wa Kuvu. Kisha wakanyamaza. Panzi akapumua, akasikia njaa, na mgonjwa akisikia njaa, kicheko hurudi nyumbani. Jongoo alicheka, mgongo wake umebabuka. Konokono alilia mpaka akatoa povu.

Jioni ile Panzi akashuka mchangani, akachimba, akataga mayai yote, halikubaki hata moja tumboni. Doa jeusi lilibaki kifuani pake, wala hakulificha.

Basi, wanangu, usimpe mgonjwa dawa inayokufaa wewe. Muulize kwanza mwili wake unataka nini. Hadithi imefika mwisho wake: aliyeipenda aondoke nayo, aliyechoka akalale. Na mimi nikiumwa, huo uji wenu wa chumvi kunyweni wenyewe. Mwili wangu unataka kuku.