Ikiuliza, Bonyeza Endelea

Hapo zamani, zamani ya juzi juzi tu, mashine zilipokuwa zimeshajifunza kuuliza maswali na watu wameshaacha kuyasoma, ulisikika usiku mlio mmoja. Pii. Haukurudiwa.

Ulitoka katika chumba cha kutotoleshea vifaranga cha Kikundi cha Akina Mama Jitihada, katika mji mmoja wa nyanda kavu za kati, mji ambao kuku wake husafiri mbali kuliko watu wake. Ndani ya chumba palikuwa na mashine. Ndani ya mashine palikuwa na mayai mia tano ishirini na nane: wanawake ishirini na wanne, kila mmoja mayai ishirini na mawili, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Mlio ule ulikuwa na maana moja tu: joto linashuka, njooni. King'ora kilitakiwa kilie bila kukoma mpaka mtu afike. Kililia mara moja kikanyamaza, kama mgeni mwenye adabu aliyebisha hodi, asiitikiwe, akaenda zake.

Watu wawili waliusikia. Wa kwanza ni Yusta, mtunza mashine, aliyelala chumba cha pili. Alidhani ni kampuni ya simu ikimpongeza kwa kushinda mchezo asioucheza. Akageukia ukutani. Wa pili ni jirani yake, Bibi Domitila, ambaye huwa hadhani, yeye hujua. Huyo tutamfikia.

Asubuhi Yusta alifungua mlango wa mashine, akashika yai, akalikuta limepoa kama kikombe kilichosahauliwa mezani. Akakaa chini sakafuni. Aliwaza majirani ishirini na watatu ambao angepaswa kuwaambia, mmoja mmoja, mlango kwa mlango.

Sasa, ili mjue nani alikosea na nani aliokoa, na nawaonya mapema kwamba ni walewale, lazima mjue ile programu iliyoiendesha mashine ilitoka wapi.

Ilitoka kwa Mwalimu Baltazari Gyunda wa chuo cha ufundi, mtu mnyenyekevu aliyeandika jina lake mara tatu tu katika kila ukurasa wa barua zake. Msimbo, yaani maandishi ya maagizo ya programu ile, aliuweka katika ghala la wazi mtandaoni, ili yeyote, wa nchi yoyote, aupakue, ausome, aurekebishe, aurudishe. Mali ya wote, alisema. Na juu kabisa ya mali ya wote, mstari wa kwanza, palisomeka: Mwandishi, Mwalimu Baltazari Gyunda.

Faili lile lilikuwa na namba yake ya uhakiki. Ni namba ndefu inayotokana na kila herufi iliyomo ndani. Ukipakua faili, kompyuta huikokotoa upya na kuilinganisha na ile iliyowekwa ghalani. Herufi moja ikipotea njiani, au ikigeuzwa, namba hazilingani, na kompyuta hukuuliza kama uendelee. Ni utaratibu mzuri. Una kasoro moja tu, kwamba unahitaji mtu wa kuusikiliza.

Tangu Mwalimu Baltazari ashike ghala lile, namba hazijawahi kulingana. Hata siku moja. Akina mama walipouliza kwenye mafunzo, Mwalimu alicheka kwa huruma, akasema huo ni woga wa kompyuta, zote zina woga. Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya mashine: IKIULIZA, BONYEZA ENDELEA.

Kila mwezi, kwa ajili ya usalama, aliagiza programu ipakuliwe upya, ingawa hakuna herufi iliyokuwa imebadilika. Ghala lilikuwa likihesabu waliopakua, na hesabu ile ikipanda Mwalimu aliibeba kwenda nayo mikutanoni kama mtoto mchanga. Mara kumi na nne Yusta alipakua. Mara kumi na nne aliulizwa. Mara kumi na nne alibonyeza Endelea.

Mara ya kumi na tano ilikuwa siku ya kumi na moja ya mayai. Yusta alipanda na simu juu ya rundo la matofali nyuma ya kanisa, pale mtandao unapokamata. Faili likaja, likakwama, likaja, likakwama, kisha likasema limekamilika. Lilikuwa theluthi mbili. Lilikatika vizuri mno, mwisho kabisa wa aya, kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali, na kilichobaki kiliweza kufanya kazi bila kulalamika. Katika kilichopotea mlikuwa na mistari miwili ya maana: ule wa kuwasha joto likishuka, na ule wa kuambia king'ora kirudie. Akalihamishia kwenye kompyuta ya mashine, nayo ikauliza kama aendelee. Yusta akafuata maandiko.

Hiyo ndiyo sababu ya pii moja.

Basi asubuhi ile, Yusta akiwa bado sakafuni, Bibi Domitila aliingia bila hodi, kichwani dumu la maji ya moto, mkononi dumu jingine, begani kanga sita. Hakusema pole. Aliyafunga madumu kwa kanga, akayapanga kati ya trei, akaanza kuyageuza mayai kwa mkono, yai moja moja, akitia kila yai alama ya mkaa upande mmoja ili ajue lililogeuzwa. Mara tatu kwa siku, siku mbili. Maji yakipoa, anachemsha. Kila akipita mbele ya kompyuta anaiambia, "Pumzika, mwenzangu, umechoka."

Upande wa pili wa chumba alihangaika Fundi Mkumbo, aliyeitwa asubuhi hiyohiyo, mtengeneza simu wa kando ya stendi, kijana ambaye hajawahi kukutana na kosa asilolijua. Siku ya kwanza alijua kwamba ni umeme. Haukuwa umeme. Akajua kwamba ni feni, akaifungua, akaisafisha, akairudisha, skrubu mbili zikabaki mkononi. Akasema hazikuwa na kazi. Akajua kwamba ni kipimajoto, akabadilisha kipimajoto. Kipimajoto kipya kikaonyesha kwa usahihi mkubwa zaidi kwamba mashine ni baridi.

Siku ya pili, kwa kukosa kitu kingine cha kufungua, alifungua faili. Akalipima: kilobaiti ishirini na saba. Akaangalia ghalani: arobaini na moja. Akalipima tena, ishirini na saba. Kisha akapanda juu ya matofali, akapakua upya mara tatu, na mara ya tatu likaja lenye uzito kamili. Akarudi mbio. Akalifungua. Kompyuta ikasema namba ya uhakiki hailingani, je, aendelee?

"Dada Yusta," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua, "juzi iliuliza hivihivi, mkabonyeza. Leo inauliza tena. Uzito umetimia, lakini ndani sijui kuna nini. Nibonyeze?"

Yusta akaitazama karatasi ya ukutani. Akamtazama Bibi Domitila, aliyekuwa bado anageuza mayai, yai moja moja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimsogeza fundi kwa kiwiko, akaketi kwenye kompyuta, akaenda mstari wa kwanza, akalifuta jina la Mwalimu, akaandika jina jingine.

Namba zikalingana. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi, kompyuta haikuuliza kitu.

"Ni nani huyo?" akauliza Mkumbo.

"Washa mashine," akasema Yusta.

Maana Yusta alikuwa akijua. Alijua tangu mwanzo. Miaka mitatu nyuma alimpangisha chumba binti mmoja mwanafunzi wa chuo kilekile, aliyetoka mbali, ng'ambo ya ziwa, na binti yule aliuandika msimbo wote kwenye meza ya chakula ya Yusta, kompyuta upande huu, sufuria ya uji upande ule. Aliuandika kwa ajili ya mayai ya Yusta, yaliyokuwa yakiharibika kila kiangazi. Namba ya uhakiki aliikokotoa yeye, jina lake likiwa juu. Alimwita Yusta mama. Mwalimu Baltazari alipomwomba, kwa unyenyekevu, ampishe mstari wa kwanza, binti alikataa. Wiki hiyohiyo ikagundulika kwamba alikosa vipindi arobaini, katika daftari la mahudhurio ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akafunga begi lake, akaondoka. Mwalimu akabadilisha mstari mmoja. Namba iliyowekwa ghalani hakuibadilisha, ilihitaji mtu anayejua kuiweka upya.

Mwezi uliofuata Mwalimu alileta mashine kwa kikundi, ya kuazima, kwa sharti moja dogo. Jina la binti yule lisitajwe. Likitajwa, mashine inarudi chuoni. Wakapiga kura. Mikono ishirini na minne ilipanda. Wa Yusta ulipanda mwisho, lakini ulipanda.

Siku ya ishirini na moja wakatotolewa vifaranga mia nne na sita. Kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Akina mama walilia, wakacheka, wakatia mayai mengine mashinani jioni ileile, na wakaazimia kwamba jina la aliyeokoa mayai liandikwe kwenye mlango wa mashine, kwa rangi, herufi kubwa, ili kila anayekuja alisome.

Siku ya kuandika, Mwalimu Baltazari alifika akiwa amevaa suti, pamoja na mchoraji na kopo la rangi ya buluu. Aliwahakikishia kwamba hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Alikuja tu kuona kwamba jina lake limeandikwa bila makosa.

"Bila mimi," akasema, "msingekuwa na mashine, msingekuwa na ghala, msingekuwa na cha kupakua. Mnatengenezaje kilichoharibika kama hakuna aliyekuleteeni? Andika Baltazari."

"Bila mimi," akasema Mkumbo, "mngekuwa bado mnalaumu umeme."

"Aliyelaumu umeme ni wewe," akasema Bibi Domitila.

"Nililaumu, Bibi, kisha nikaacha. Wengine hawaachi. Ni nani aliyelipima faili? Andika Mkumbo."

"Bila mimi," akasema Bibi Domitila, "ungetengeneza mashine ya mayai viza. Umepima, umefungua, umefunga, na skrubu zangu mbili ziko wapi? Yai halingoji fundi ajifunze. Joto lilikuwa la madumu yangu. Andika Domitila."

Mkumbo akainama kwa heshima zote, akamuuliza alisikia mlio saa ngapi.

"Saa tisa usiku."

"Na ulikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Saa tatu hizo, Bibi, ulikuwa unafanya nini?"

Bibi Domitila alikunja kanga yake. Alisema alikuwa anachemsha maji. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, akasema kwamba tangu mashine ije hakuna aliyemuuliza tena jambo lolote kuhusu kuku, na alitaka, kwa usiku mmoja tu, mashine ionje aibu.

Kila aliyeokoa alikuwa ameharibu, na kila aliyeharibu alikuwa ameokoa. Mchoraji alichovya brashi, akauliza, "Niandike nani?"

Mkumbo akamtazama Yusta. Wanawake wote wakamtazama Yusta, maana ndiye mtunza mashine, na kwa sababu fundi, ambaye hajawahi kutunza siri kwa zaidi ya siku moja, alikuwa ameshawasimulia kuhusu mstari wa kwanza. Alichoshindwa kuwasimulia ni jina lenyewe. Alisema lilikuwa refu na yeye alikuwa akiangalia namba.

Mwalimu Baltazari akaelewa. Hakupaza sauti. Alisogea ukutani, akainama, akashika plagi ya mashine. Ndani mlikuwa na mayai mengine mia tano ishirini na nane, siku ya tatu.

"Bi Yusta," akasema kwa upole, "mlinipigia kura ninyi wenyewe. Ukilitaja hilo, nang'oa sasa hivi na gari liko nje. Ukininyamazia, mashine inabaki hapa hata miaka kumi. Mimi nauliza tu. Uendelee?"

Yusta alihesabu. Wanawake ishirini na wanne. Binti mmoja. Mtoto wa mama huyu ada yake ni vifaranga, dawa ya mama yule ni vifaranga. Na kwenye meza ya chakula, upande ule wa sufuria, bado kulikuwa na alama ya duara ambayo hakuwahi kuifuta. Akainua macho akaiona karatasi ya ukutani, ile ya kalamu nene, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe.

Kisha akamgeukia mchoraji, akasema polepole, ili asikosee herufi:

"Kokushubila Mutashobya."

Rangi inadondoka kutoka kwenye brashi, wasikilizaji wangu, na mkono wa Mwalimu bado uko kwenye plagi. Aliyeleta yupo, aliyepima yupo, aliyepasha moto yupo, aliyebonyeza kisha akasema yupo; aliyeandika hayupo. Mlango ni mmoja. Je, nani alistahili?