Mabati ya Matanga

Wapendwa, kulikuwa na mjane mmoja, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana mwisho wake unaniuma.

Mumewe alipofariki, nyumba yao ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Wazee wa kanisa wakaona aibu kupokea waombolezaji pale. Wakachangishana, wakaezeka mabati mapya siku mbili kabla ya mazishi. Watu wakaja, wakala, wakazika, wakaenda zao. Mama akabaki na watoto wanne na ghala tupu.

Ukame ukaingia. Shirika moja likataka kuwagawia unga walio maskini zaidi, lakini halikutuma watu nyumba kwa nyumba. Lilichukua picha za setilaiti, likaifundisha kompyuta: paa la nyasi, huyu hana kitu; paa linalong'aa, huyu anajiweza. Jina la mama halikutoka.

Akatembea saa tatu hadi ofisini kwao. Afisa akamwonyesha picha. "Mama, kwako kunang'aa kuliko kijiji kizima."

"Mwanangu, mabati hayaliwi. Umeona ndani ya sufuria yangu?"

"Kutoka juu sufuria haionekani, mama."

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu. Andika hivyo, siondoki mpaka umeandika."

Akaketi sakafuni mpaka saa nane. Yule afisa hakuwa na roho mbaya. "Haya, nimekuongeza. Ila orodha lazima ipitishwe na wazee wa kijijini kwenu."

Mama akarudi moyo mweupe. Wazee wa kijiji si ndio wale wale wa kanisa walioezeka? Nani angemjua kuliko wao?

Wiki iliyofuata wazee wakakaa na orodha. Walipofika kwenye jina lake, mmoja akasema, "Huyu naye? Si ana mabati mapya." Wakalikata. Kwa kalamu, mchana kweupe, hatua hamsini kutoka mlangoni kwake.

Mnacheka? Mimi sicheki. Kompyuta ina udhuru, iko mbali na haikula matanga yale. Sisi tuna udhuru gani? Mara ngapi tumempa mtu kitu mbele za watu, kisha tukamhesabia kuwa ni utajiri wake? Tumemsomesha mtoto wa mtu muhula mmoja, tukatangaza kwamba kwao mambo sasa mazuri.

Basi leo ibada ikiisha hakuna kwenda nyumbani moja kwa moja. Kila mmoja ataingia nyumba moja ya wafiwa ambayo hajaingia tangu walipozika. Usisimame uani ukasalimia na kupita. Ingia mpaka jikoni, uulize watoto wamekula nini tangu jana.

Mimi naanza na ile nyumba ya nyuma ya kanisa hili. Na ninyi wazee wangu watatu mlioketi hapa mbele, nawaomba tufuatane.