Video ya Harusi Iliyokwama Nyumbani kwa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe uliyeshiba.

Pakawa Kiboko na kompyuta yake, pakawa Nguchiro na wivu wake. Aliyeleta masikio ayasogeze, asiyeleta aazime kwa jirani.

Haya. Nguchiro mnamjua, yule mnyama mdogo mwenye mwili mrefu na mkia mrefu, mwepesi wa kupenya tundu lolote. Huyu wa kwetu alikuwa mjane, na alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Siwema, kwa hiyo kijiji kizima kilimwita mama Siwema. Siwema akaposwa, Siwema akaolewa, Siwema akavushwa ng'ambo ya mto kwa mumewe, mwendo wa siku tatu. Na siku ya harusi yenyewe mama yake hakuona kitu. Alikuwa wapi? Alikuwa jikoni. Wapishi walioahidi kuja hawakuja, wageni wakaja mara mbili ya waliokaribishwa, basi mama mtu akajifunga kanga kiunoni, akapika tangu asubuhi. Alipata kumuaga mwanawe mlangoni tu, mikono imejaa masizi.

Lakini harusi ilipigwa video. Aliyeipiga ni Kima, akaitia kwenye flashi moja ndogo kama mbegu ya boga. Flashi ikachukuliwa na Kiboko, kwa sababu Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kwa sababu Kiboko ndiye pekee mwenye kompyuta nyumbani, na kwa sababu, jamani, nani angemnyang'anya?

Kiboko akatangaza kwamba anayetaka kuona harusi aje sebuleni kwake na kikapu cha viazi vitamu. Bata akaja na kikapu. Kobe akaja na kikapu. Kiboko akala viazi, nyamu nyamu nyamu, watu wakaona harusi. Nguchiro alipokuja na kikapu chake, akaambiwa arudi akalete vitano.

"Wewe ni mama wa bibi harusi," Kiboko akasema, "utaangalia kwa nguvu kuliko wenzio."

Akaleta vitano. Kiboko akavila vyote, kisha akajiweka mbele ya kioo cha kompyuta, na Nguchiro nyuma yake akaona mgongo. Akanyoosha shingo kulia, mgongo. Akanyoosha shingo kushoto, mgongo. Akapanda juu ya kabati, akaona masikio ya Kiboko na kipande cha keki. Siwema aliposimama kuwashukuru watu, Kiboko akapiga mbweu, maneno yakapotea, na video ikakwama, kwa-kwa-kwa-kwa, halafu kimya. Kiboko akasema kila siku inakwama papo hapo, basi nendeni makwenu.

Njiani Bata akamtilia pilipili kwenye kidonda. Shoga yangu, akamwambia, mimi si mtu wa maneno, lakini nimeiona mara tatu, na mara tatu imekwama ikifika pale pale. Siwema anasimama, anasema, "Kwanza kabisa namshukuru baba yangu Kiboko." Wewe hutajwi.

Hutajwi. Nguchiro hakula siku hiyo. Wivu ulimshika hasa, ule usio na mahali pa kuuweka: aliuweka kifuani ukawaka, akauweka mgongoni ukawasha. Alimwonea wivu Kiboko. Alikionea wivu kiti cha Kiboko. Aliuonea wivu hata ukuta wa sebule ya Kiboko, kwa kuwa kila mchana ulitazamana na sura ya mwanawe. Yeye ndiye aliyembeba tumboni, yeye ndiye aliyepika sufuria kumi na moja, halafu anashukuriwa mtu aliyekaa tu akitafuna?

Kesho yake kompyuta ikagoma kabisa. Picha ikasimama, sauti ikapotea. Kiboko akaipiga ubavuni, pu! Waya wa spika ukachomoka, akauchomeka tena pale alipoona panafaa. Akaipuliza, fuuu, ikapata mate. Akaizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha. Akamwita Kobe, naye Kobe akaitazama mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa meza, akasema imechoka. Ndipo Nguchiro akabisha hodi.

Sasa mjue jambo moja. Nguchiro aliwahi kukaa mwaka mzima darini kwa Kima mpiga picha, na kupitia tundu la dari aliona kila alichofanya Kima na mashine zake. Alipochungulia kompyuta ya Kiboko, alijua mara moja. Kiboko alikuwa amefungua video thelathini kwa pamoja: mieleka, mpira, mapishi, harusi za watu wa mbali, kila moja ameitazama nusu na hakutaka kufunga hata moja. Zote thelathini zilikuwa zinagombania pumzi ya kompyuta moja. Na ule waya wa spika ulikuwa umechomekwa tundu la jirani. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Lakini wivu ukamwambia, usiitengeneze bado.

"Mzee Kiboko," akasema, "tatizo ni mawimbi. Ile nguzo ya antena huko nje haijashikwa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguzo ya zamani, na juu yake antena iliyopinda. Na Kiboko alikulia enzi zile za televisheni ya nguzo, mmoja nje anageuza, wengine ndani wanapiga kelele kwamba imekuja, imeondoka, imekuja. Utotoni mwake kote yeye ndiye aliyekuwa ndani. Kwa hiyo hakuuliza kama kompyuta inakula mawimbi. Hakuuliza kama flashi iliyochomekwa mezani pake ina habari na antena iliyo nje. Aliuliza tu nani ataishika hiyo nguzo.

Nguchiro akajifanya kufikiri. Akasema labda Kobe, lakini nguzo inataka mwenye nguvu, maana ikiyumba kidogo tu mawimbi yanakimbia. Sijui hapa kijijini nani ana nguvu za namna hiyo. Kiboko akavuta pumzi, kifua kikajaa, akatoka nje mwenyewe.

"Geuza kidogo," Nguchiro akasema dirishani.

"Hapa?"

"Kidogo tena." Huku ndani akafunga video za mieleka, tik, tik, tik.

"Hapa?"

"Kidogo tena." Akafunga mpira, akafunga mapishi, akafunga harusi za watu wa mbali, tik, tik, tik, ikabaki moja. Picha ikatembea.

"Hapo hapo, mzee. Usisogee."

Kisha akapenya nyuma ya meza kutafuta tundu la spika. Geuza kidogo. Hapa? Kidogo tena. Hapa? Akachomoa waya, akauchomeka panapostahili, na ngoma ya harusi ikapasuka sebuleni, tuku-tu, tuku-tu, na Kiboko huko nje akajiona fundi.

Majirani waliposikia ngoma wakaja, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuwauliza vikapu. Wakajaa sebule. Kwa mara ya kwanza waliona harusi nzima, maana mgongo ulikuwa nje. Waliona maharusi wakiingia, waliona wajomba wakicheza, na vigelegele vikapigwa upya.

Kiboko naye akasikia vigelegele. Mnadhani wivu unakaa kwa mtu mmoja? Kompyuta yake, sebule yake, halafu wanaofurahi ni wengine? Akaiachia nguzo, akaja akinyata kuelekea dirishani, didi, didi, didi. Nguchiro akaona kivuli. Akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, tap, picha ikasimama. Wote wakasema, mzee Kiboko, imekatika. Kiboko akarudi mbio kushika nguzo. Tap, picha ikatembea. Akajaribu tena, ikakatika tena. Mara ya tatu hata nguzo hakuiachia, alisogeza mguu mmoja tu, na Nguchiro akabonyeza vilevile ili amfundishe adabu.

Ndipo Siwema akasimama.

Alikuwa amevaa nguo nyeupe, na pua yake imeanza kuwa nyekundu, kama anavyokuwa akitaka kulia. Mama yake alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Kwanza kabisa," Siwema akasema, "namshukuru baba yangu Kiboko."

Bata akamtupia Nguchiro jicho la pembeni. Kidole cha Nguchiro kilikuwa juu ya kile kitufe kirefu, na kwa kweli alitaka kukibonyeza mwenyewe, video ikwame pale pale ilipozoea kukwama, asisikie zaidi. Aliogopa. Lakini wivu wake ulikuwa mkubwa kuliko woga wake, akakiondoa kidole.

"Amekaa meza kuu kama baba," Siwema akaendelea, "na amekula sahani saba. Aliyezipika ni mama yangu, naye hayupo hapa. Huko ninakokwenda nitatamani kuiona sura yake. Kima, peleka kamera jikoni."

Picha ikaanza kuruka ruka. Ukaonekana ukumbi, ukaonekana ujia, ukaonekana moshi. Kisha jiko, na ndani ya jiko Nguchiro mdogo, masizi mpaka kwenye viwiko, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakoroga sufuria kubwa kuliko yeye. Akageuka, akaiona kamera, akakunja uso.

"Wewe Kima," akasema yule wa kwenye kioo, "kama umefuata ukoko, ngoja kama wenzio." Akainua mwiko, picha ikatikisika, mvuke ukafunika kila kitu.

Sebule nzima ikacheka. Nguchiro hakucheka. Alikumbuka sasa. Alikuwa ametafutwa, na yule aliyetumwa kumtafuta yeye mwenyewe alimfukuza kwa mwiko. Akamtazama yule Nguchiro wa kwenye kioo, na wivu ukamrudia kuliko mwanzo. Yule mwenzake alikuwa na mwanawe nyuma ya ukuta tu, hatua kumi, na badala ya kwenda alikuwa anageuza wali.

Akairudisha video nyuma, akaitazama tena. Akairudisha tena. Bata akaaga. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Alipoitazama mara ya saba, Nguchiro akachomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka nje.

Kiboko alikuwa bado ameikumbatia nguzo, magoti yanamtetemeka.

"Mama Siwema," akauliza, "na leo pia nimetajwa?"

"Umetajwa, mzee. Wa kwanza kabisa."

Kiboko akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana. Akauliza kama sasa anaweza kuiachia nguzo. Nguchiro akaitazama ile sebule tupu na kompyuta isiyo na kitu ndani yake.

"Hapo hapo," akasema. "Usisogee."

Wala hakwenda nyumbani kwake. Alishika njia ya mto, mwendo wa siku tatu, kwenda kwa mwanawe.

Basi, funzo la hadithi hii ni nini? Funzo ni kwamba wivu ni kitu kibaya, haujapata kumfikisha mtu popote. Nguchiro ulimfikisha? Huyo msimhesabu, ana miguu myepesi. Mimi mwenyewe sina wivu kabisa. Jirani yangu amenunua kioo kikubwa kama mlango wa ghala, mchana kutwa nasikia vigelegele vya harusi za watu nisiowajua, na sijawahi kukaribishwa, na sijasema neno. Jana tu nilimwambia kwa upole kwamba nguzo yake ya antena naiona imeyumba.

Nilipoiokota ndipo ninapoitua. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, mtamkuta nje.