Ng'ombe Aliyepakwa Rangi Nyumbani

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wewe dada wa kwaya, weka hiyo simu mkobani. Mungu anakuona, na mimi pia nakuona.

Leo nataka niwape habari za bwana mmoja mfugaji, wa kijiji ambacho sitakitaja, maana nikikitaja mtaanza kutazamana. Kijiji hicho kilikuwa na josho. Kila Jumatano watu wanapeleka ng'ombe, wanalipa ushuru wa halmashauri, ng'ombe anaogeshwa kwenye dawa ya kupe, na akitoka anapakwa mstari wa rangi mgongoni. Wiki hii bluu, wiki ijayo njano. Ng'ombe asiye na rangi haruhusiwi kunywa maji kwenye lambo la kijiji, asije akawaletea wenzake kupe. Utaratibu mzuri au mbaya? Mzuri!

Sasa huyu bwana alikuwa mjanja. Mnawajua wajanja, wengine mmekaa nao benchi moja. Akasema, mimi nilipe ya nini? Hela yenyewe wataila. Basi kila Jumatano anapanda kilimani, anachungulia josho: leo rangi gani? Njano! Anashuka mbio, anachukua brashi, anampaka ng'ombe wake mstari wa njano, tena ulionyooka kuliko ule wa josho. Mkewe akamwambia, "Baba Tumsifu, watoto wanamtegemea huyu ng'ombe kwa maziwa. Mpeleke akaogeshwe." Bwana akacheka. "Mama Tumsifu, rangi ni rangi. Nani atajua?"

Nani atajua? Kupe walijua! Kupe hasomi rangi, ndugu zangu.

Ng'ombe akaanza kuumwa. Asubuhi hakula, mchana hakucheua, machozi yanamtoka, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Watoto wakashika vikombe vyao, maziwa hakuna. Yule mdogo kabisa, aliyeachishwa ziwa juzijuzi, akalia mpaka sauti ikakauka. Bwana akakimbia kumwita bwana mifugo, na majirani nao wakaja kutazama. Si mnawajua majirani?

Bwana mifugo akashika matezi chini ya sikio, akapima joto, akatikisa kichwa. "Dalili zote ni za ndigana, ile homa ya kupe," akasema. "Lakini huyu ana rangi. Anaoga kila wiki, ndigana ataitoa wapi? Itakuwa homa nyingine. Sindano ya ndigana nimebakiwa nayo moja tu, imenunuliwa kwa ushuru wa josho. Siwezi kubahatisha nayo." Akaanza kufunga begi lake.

Mmeona? Mjanja wetu akinyamaza, heshima yake inabaki na ng'ombe anakufa. Akisema, ng'ombe anaweza kupona, lakini wale wanaolipa kila Jumatano wamesimama palepale wanamtazama. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka, shemasi! Mkewe alimkazia macho tu, na mtoto analia mgongoni.

Bwana mifugo alipofika mlangoni pa zizi, yule bwana akapiga kelele, "Subiri! Rangi nimepaka mimi! Huyu ng'ombe hajaoga tangu mvua za mwaka jana!"

Watu wakaanza. "Mwizi!" "Kumbe kupe wanatoka kwako!" "Asipewe huyo!" Mmoja akasema sindano itunzwe kwa ajili ya mtu anayelipa, na kusema kweli, wapendwa, hoja yake ilikuwa na uzito. Ndipo akasogea mama mmoja mjane, jirani yao, mwenye ndama mmoja tu, na huyo ndama alimlipia kila Jumatano bila kukosa. Akamwambia bwana mifugo, "Mchome ng'ombe, baba. Mimi nimelipa, kwa hiyo nina sauti hapa. Hawa watoto hawakupaka rangi."

Haleluya! Ng'ombe akachomwa. Kesho yake akasimama. Kesho kutwa akacheua, na vigelegele vya nyumba ile walivisikia mpaka sokoni, wakadhani kuna harusi!

Hapo najua wengine mnataka niseme amina twende tukale. Bado! Utamu uko mbele.

Jumatano iliyofuata bwana yule alikuwa wa kwanza joshoni. Akalipa, akadai risiti yake, akaitia mfukoni. Miezi ikapita, josho likaishiwa dawa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema, "Ndugu wananchi, dawa hakuna. Mtuvumilie." Zamani akisema hivyo watu walikuwa wanatazama chini, mkutano unakwisha. Kwa nini? Kwa sababu mjanja wetu hakuwa peke yake! Nyumba nyingi zilikuwa na kopo la rangi uvunguni. Na mtu aliyekwepa atamuuliza nani? Lakini tangu siku ile ya sindano, makopo yalikuwa yametupwa.

Bwana akasimama. Akatoa risiti mfukoni, akaiinua juu. "Mwenyekiti, mimi nimelipa. Dawa iko wapi?" Mjane akasimama. "Na mimi nimelipa. Dawa iko wapi?" Akasimama mwingine, akasimama na mwingine, mwisho mkutano mzima uko wima, na mwenyekiti anatafuta kitambaa afute jasho. Wapendwa, dawa ilipatikana kabla ya Jumatano! Na hesabu za josho zikabandikwa ukutani, kila mtu asome.

Sasa sisi. Sisi tunaolia kwamba barabara ni mbovu, zahanati haina dawa, watoto wanakaa sakafuni darasani. Ni kweli, tunalia kwa haki. Lakini dukani tukiulizwa, "Nikuandikie risiti?" tunajibu nini? "Aa, nipunguzie tu." Jamani! Umepunguziwa bei, kodi haikufika, na mdomo wako umemwachia muuzaji. Utamuuliza nani tena habari za zahanati?

Na ninyi mnaoshika fedha za watu, mmo humu, suti zenu nimeziona, msidhani nawahubiria wafugaji. Tunaolipa tumejua kusimama. Hatutaki hisani yenu, tunataka dawa yetu, madawati yetu, barabara yetu, na tutaviulizia mchana kweupe, kwa jina la Bwana, bila woga!

Haya, simameni mliolipa, tuimbe mpaka bati litikisike! Na wewe uliyebaki umekaa, usihuzunike, ndugu yangu. Kesho ni Jumatatu, ofisi ya kodi inafunguliwa saa mbili asubuhi.