Kabati la Vioo la Mama Pimbi

Naitia hadithi!

— Naije!

Naije taratibu, imebeba vioo.

— Naije taratibu!

Haya, sogeeni, ila msinikanyage, miguu yangu inawaka moto tangu asubuhi. Wewe Machano, ukisinzia nitakuona. Mwenye haki ya kusinzia hapa ni mimi.

Basi, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: kanyama ka kwenye mawe, mkia hana, pembe hana. Pimbi huyu alivuka mto akaenda nchi ya mbali, akafanya kazi nyumbani kwa Tembo. Akafua, akapika, akalea. Na kumbembeleza mtoto wa Tembo alale si mchezo, jamani! Akachoka, akachoka, akachoka mpaka akasahau kwamba amechoka.

Kilichompeleka huko ni vikombe. Mama yake alikuwa na vikombe vyake vya harusi, ameviviringisha ndani ya kanga na kuvisukuma uvunguni, maana hakuwa na pa kuviweka. Siku ya kuondoka Pimbi alimwambia, "Mama, nitakuletea kabati la vioo. Uvipange, kila anayeingia avione." Akaahidi hivyo. Kwa hiyo alipopata, alinunua kabati.

Kabati lenyewe lilikuwa kubwa! Milango ya vioo juu, ya mbao chini, kufuli la shaba. Ufunguo akautanguliza kwa mama, kwa mkono wa Njiwa, usije ukapotea njiani. Akajitwika. Ukimwona kwa mbali, humwoni yeye. Unaona kabati linatembea lenyewe. Kili-kili, kili-kili! Anatembea kidogo, anapumzika. Kili-kili! Anapumzika tena. Kila anayepishana naye anamwambia, "Polepole, vioo hivyo!" Kana kwamba hajui.

Hata akafika kivukoni. Na kivukoni anakaa nani? Kiboko. Tumbo hili hapa, mdomo huu hapa. Kila anayerudi kutoka ng'ambo, Kiboko anamwambia neno moja tu: "Nusu yangu." Umeleta sahani, nusu yake. Umeleta godoro, anaking'ata kipande chake, wewe ukalalie kilichobaki.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Pimbi.

"Marahaba. Nusu yangu."

"Mzee wangu, kabati ukilikata nusu si kabati tena."

Kiboko akafikiri. Akasema, "Basi lote."

Pimbi akakaa chini. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Kupigana hawezi. Kukimbia na kabati, akimbilie wapi? Akabaki anamtazama Kiboko na ule mgongo wake mpana. Ndipo akili ikamjia.

"Chukua, Mzee," akasema. "Humo chini, nyuma ya mbao, mna kila nilichochuma ugenini. Lakini limefungwa, na ufunguo uko kwa mama."

"Nitalivunja."

"Livunje. Vioo vitamwagikia ndani, halafu utafune vioo."

Kiboko akajilamba. "Kaulete ufunguo."

"Miguu hii niende na kurudi? Siwezi, Mzee wangu. Wewe nipokee tu mzigo. Tukifika kwa mama linafunguliwa, unachukua unachotaka."

Kiboko, kwa tamaa yake, akasema kwa sauti kubwa, mbele ya ndege wote wa mtoni, "Nimekupokea!"

Hapo alijitia kitanzi mwenyewe. Si mnajua kwetu? Ukishampokea mgeni mzigo, hutui njiani. Unaufikisha, tena unauingiza ndani. Ukitua njiani utasemwa mpaka wajukuu zako wasemwe.

Wakavuka, wakashika njia. Kiboko mbele, kabati mgongoni, kili-kili! Pimbi nyuma, mikono mitupu, anasema, "Polepole, Mzee, vioo hivyo." Kila boma wanalopita watu wanatoka, vigelegele! "Jamani, Kiboko kampokea mgeni! Kumbe ana utu!" Kiboko hakuwahi kusifiwa tangu azaliwe. Akaona haya hata kujikuna. Na jua nalo likampiga. Kiboko na jua, mnawajua. Ngozi ikaanza kukauka, ikapasuka, ikawasha.

"Tumefika?"

"Bado, Mzee."

"Tumefika?"

"Bado kidogo, Mzee."

Wakafika. Mama Pimbi akatoka mbio, kanga inadondoka, akamkumbatia mwanawe wakalia wote wawili. Kiboko akasema, "Mtalia baadaye. Ufunguo!"

Mama Pimbi akamshangaa. "Baba, mzigo wa msafiri unafunguliwa nje? Na macho ya watu yote haya? Ingiza ndani kwanza."

Kiboko akageukia mlango. Pimbi naye akageukia mlango. Lahaula! Nyumba ya pimbi ni ufa kwenye mwamba. Kabati haliingii. Hata robo yake haiingii.

"Mama," Pimbi akauliza, "mlango umepungua?"

"Mlango ni uleule, mwanangu. Ulipoondoka wewe ulikuwa mdogo."

Miaka yote ile alikuwa akilala akiuona mlango wa kwao, mpana, unapitisha chochote. Ilimuuma sana. Lakini alipomwona Kiboko amesimama na kabati, anahema, hathubutu kutua, akapangusa machozi. "Usijali, Mzee. Nautanua mlango sasa hivi. Usitikisike tu."

Akaanza kuchimba mwamba kwa kucha. Kwaru. Akapumzika. Kwaru. Akapumzika.

"Tayari?"

"Bado, Mzee."

Kwaru.

Mama akamsogelea, akamnong'oneza, "Mwanangu, ndani ya kabati mna nini?"

"Hamna kitu, mama. Kila nilichopata kilinunua kabati."

Mama akampangusa vumbi la mwamba usoni. Akasema, "Vikombe ninavyo. Chimba, lakini usijichoshe."

Siku ikapita. Ngozi ya Kiboko ikatoka damu. Asubuhi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, niruhusu nitue."

"Hutaki kuona tulivyoletewa?"

"Sitaki."

"Basi weka hapo chini ya mwamba, mvua haifiki. Polepole, vioo hivyo!"

Akaliweka taratibu, hata ufa halikupata. Akaenda zake mtoni, chubwi! Mpaka leo, Kiboko akimwona mtu ana mzigo anazama, anaacha macho tu nje, asije akaambiwa "nipokee".

Mama Pimbi akavitoa vikombe uvunguni, akafungua kufuli, akavipanga kabatini palepale nje, kila apitaye akaviona. Majirani wakajaa. "Mwanao katuletea nini sisi?" Mama akafungua mlango wa chini wa kabati. Pimbi alikuwa humo amejikunja, amelala fofofo.

"Amejileta mwenyewe," mama akasema. "Na msimwamshe."

Hadithi yangu naitua hapa, atakayeiokota aibebe kwa mikono miwili. Funzo lake ni hili: ukimkuta msafiri amechoka, mpokee mzigo, huo ndio utu, na utu haujamdhuru mtu.

Haya, Machano, simama unipokee huu mkeka.