Paja la Akika

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi mkunga mcha Mungu aitwaye Bi Thuweba. Nusu ya watoto wa mji ule walipokelewa na mikono yake. Na ilikuwa desturi yao kwamba mtoto akichinjiwa mbuzi wa akika siku ya saba ya kuzaliwa kwake, paja moja hupelekwa kwa mkunga. Basi nyumbani kwake nyama haikukatika.

Asubuhi moja alijiwa na Lubaba, mjane aliyekuwa akisokota sufu za watu. Mumewe alikuwa amefukiwa na kisima alichokuwa akikichimba, akamwachia watoto watatu, na wa nne tumboni. Lubaba hakuzungusha maneno.

"Bibi, nakuomba dawa. Huyu simwezi."

Bi Thuweba aliijua mizizi ya kutoa mimba. Aliijua pia mipaka ya Mola wake. "Mwanangu, dawa hiyo sikupi. Ulichobeba si chako wala si changu. Ni amana."

"Amana," Lubaba akarudia, kama anayepima uzito wa neno. "Na tutakula nini?"

"Mwenye kuruzuku yupo."

Lubaba akafuta pua kwa ncha ya ushungi. "Haya. Nimekusikia." Akarudi kwake, wala hakwenda kutafuta dawa kwa mwingine.

Lau Bi Thuweba angeishia hapo! Lakini moyo ulimpanda kwa fahari, na alasiri ile ile akamhadithia mke wa imamu. Ijumaa, imamu akakisimulia kisa juu ya mimbari bila kutaja jina. Jina la nini? Mjane mwenye mimba mji mzima alikuwa mmoja. Watu wakamsifu mkunga. Wanawake waliokuwa wakimpa Lubaba sufu wakaacha, na mmoja akamwambia mlangoni, "Sufu yangu haishikwi na mkono uliotaka kuua." Wenye huruma nao walikuwapo, ila kwa jinsi habari zake zilivyozungumzwa kila baraza, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayempelekea chakula. Kila nyumba ilimtaja. Hakuna iliyompikia.

Siku zikatimia, Bi Thuweba akamzalisha mtoto wa kike, mdogo wa mwili, mkali wa sauti. Wakamwita Jumana. Mkunga akanawa mikono, akaenda kwa mzazi mwingine aliyekuwa akimngoja.

Siku ya saba paja halikuja. Bi Thuweba akamtania jirani yake, "Naona wajane wa siku hizi wamekuwa wachoyo!" Wakacheka wote wawili. Siku ya kumi na mbili akaenda mwenyewe, nusu kumjulia hali, nusu kumsuta.

Akakuta kuku wa jirani amelala jikoni, katikati ya majivu. Hapakuwa pamewashwa moto siku nyingi. Watoto watatu walikuwa wamekaa ukutani, kimya, kimya kisicho cha watoto. Lubaba alikuwa amempakata Jumana, akimnyonyesha kitambaa kilichochovywa maji. Maziwa yalikuwa yamekauka.

"Lubaba! Mbona hukuniita?"

"Nilikungoja, Bibi." Hakukasirika. Hakuwa na nguvu za kukasirika. "Uliponiambia ni amana, nilidhani tumeishika wawili."

Bi Thuweba alitoka mbio. Akaleta uji, akaleta mchuzi, akamleta mama mwenye maziwa akamtia mtoto kifuani. Jumana alijaribu kunyonya siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya adhana ya alasiri, akafariki.

Msikiti ulijaa. Wanaume waligombea kubeba jeneza ambalo mkono mmoja ungelitosha. Imamu akasimama kuwaliwaza watu, akaanza kumtaja kwa wema mkunga aliyeiokoa roho ile tumboni. Hapo sauti ikatoka nyuma, upande wa wanawake.

"Imamu, usinisifu. Siri ya mama huyu niliitoa mimi. Nilimkataza dhambi, na nilimkataza kwa haki, kisha nikaenda zangu kula sifa. Siku ya saba nilikaa nikingoja paja la akika kutoka nyumba isiyo na moto. Leo tumejaa hapa. Siku ile tulikuwa wapi?"

Imamu akainamisha kichwa. "Na mimi niliipandisha siri yake mimbarini," akasema.

Bi Thuweba akamhamishia Lubaba na wanawe nyumbani kwake. Akamwomba radhi. Lubaba akamwambia, "Bado, Bibi. Nikiweza nitakwambia." Wasimulizi hawakutupasha habari kama alipata kuweza.

Wanawake wengine walimjia Bi Thuweba na haja ile ile, na jibu lake halikubadilika. Lakini tangu siku ile, kabla ya kujibu, aliuliza, "Jikoni kwako kuna nini?" Akajifunga nguo ya kazi, akaenda kutazama. Na kila paja aliloletewa, lilipelekwa kwenye nyumba isiyochinja.

Ndugu zangu, kumwambia mwanamke kwamba amebeba amana ni maneno ya kweli, na hayachukui hata pumzi moja kuyasema. Baada yake kuna kuni, maji, uji na miaka. Asiyekuwa tayari kwa hayo na apunguze sauti. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwahi siku ya saba, tusingoje kuitwa mazikoni.